Mwajiri Aliye Mbali
Mada iliyotolewa na mwanachama katika mkutano mkuu wa mwaka 2024

 

Kwenye ratiba mada yangu imeandikwa "kuajiri wafanyakazi nje ya nchi". Najua wengine mlipoisoma mlidhani nitazungumzia makampuni makubwa. Nawazungumzia ninyi. Mwanachama anaishi Houston. Amejenga huku kwetu Mabatini, kule juu kwenye mawe. Ameweka mlinzi, ameweka dada wa kumtunza mama, na ana kijana anayeuza duka lake kando ya Barabara ya Nyerere. Huyo ni mwajiri wa watu watatu walio nje ya nchi anayoishi. Mshahara anautuma kwa simu, maagizo anayatoa kwa WhatsApp, na akikasirika anamwambia mdogo wake, "Mwambie kesho asije."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonileta hapa mbele.

Wenzetu wa Marekani wamezoea kwamba, karibu katika majimbo yote, mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi bila kutoa sababu, ilimradi asimbague wala asilipize kisasi. Likizo ya mwaka yenye malipo hailazimishwi na sheria ya taifa lile. Mtu akikaa huko miaka kumi na tano anaanza kudhani dunia nzima iko hivyo. Lakini mlinzi wako hayuko Texas. Yuko Nyamagana, na sheria inayomhusu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Sheria hiyo inamfuata mfanyakazi mahali anapofanyia kazi. Pasi yako ya kusafiria haiibadilishi, wala dola zako.

Chini ya sheria hiyo, mtu akishamaliza miezi sita kazini, humwondoi bila sababu ya haki na bila utaratibu wa haki. Utaratibu maana yake umweleze tuhuma zake, umpe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, umsikilize akiwa na mwenzake wa kumsaidia, ndipo uamue. Kama ni mwizi, mthibitishe. Usipofanya hivyo ana siku 30 za kufungua lalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, na ofisi yake iko hapahapa Mwanza. Mwaka 2024 kifungu cha 40 kilitaja fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12. Mlinzi wa shilingi 150,000 kwa mwezi, hiyo ni 1,800,000. Ongeza notisi ya siku 28, ongeza likizo asizochukua, ongeza kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza. Sentensi moja ya WhatsApp, ndugu zangu!

Kuna wanaosema, "Mimi sikumwajiri, ni fundi tu," au "ni ndugu yetu, tunasaidiana." Bunge liliyaona hayo mapema. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka huohuo wa 2004, kifungu cha 61, inasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata moja kati ya mambo kadhaa. Unampangia saa za kazi. Unamwelekeza namna ya kuifanya. Unampa vifaa. Anakutegemea wewe kwa riziki yake. Amekufanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Fundi aliyekuja na mwiko wake, mkapatana bei ya ukuta, akajenga akaondoka, huyo ni wa mkataba wake mwenyewe. Kijana anayebeba maji na saruji mlimani kila siku kwa amri ya msimamizi wako ni habari nyingine, hata kama mmezoea kumwita kibarua. Na mdogo wako anayempa hela mkononi hakuwi ngao. Yeye ni wakala wako. Na kama ulimwachia kila kitu bila kumwandikia, umemtia na yeye kwenye kesi.

Sasa nizungumzie walinzi, maana hapo ndipo tunapokosea zaidi, na tunakosea bila hata kujua. Mlinzi anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, siku saba. Hizo ni saa 84 kwa wiki. Sheria inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, siku zisizidi sita. Amezidisha saa 39. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Chukueni kalamu: kwa mshahara wa 150,000, saa za ziada peke yake zinafika 195,000 kwa mwezi. Zimepita mshahara wenyewe. Bado hatujaweka nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, wala malipo mara mbili kwa sikukuu. Hata ukiwa tayari kulipa zote, bado umevunja sheria, kwa sababu saa za ziada hazitakiwi kuzidi 50 katika wiki nne, na huyu ana 156. Kwa hiyo dawa yake ni mlinzi wa pili wa kupokezana naye, kila mmoja na siku zake. Mkishindwa, basi muungane nyumba mbili tatu za jirani, mwandikishane, mlipe pamoja. Kule juu nyumba zimebanana. Mlinzi mmoja anaziona zote.

Dada wa kazi. Hapa nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Kitanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Pasi zimeshikiliwa, hakuna mapumziko, mishahara imekatwa au haikulipwa kabisa. Tuliisoma, tukaumia, na wengine humu tuna mabinti zetu kule. Halafu rudi Mabatini. Binti ametoka kijijini Sengerema au Magu, analala jikoni, anaamka saa kumi alfajiri, simu yake anaishika mama mwenye nyumba. Mshahara "tunamtunzia". Tofauti iko wapi? Amri ya Mshahara iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023 iliweka, kwa kaya za kawaida, kima cha chini cha 60,000 kwa anayekaa ndani na 120,000 kwa asiyekaa. Hicho kilikuwa kima cha chini cha wakati huo, na amri hizi hubadilishwa, kwa hiyo kila mwaka ulizeni ofisi ya kazi. Ana haki ya saa 24 za mapumziko kila wiki. Ana siku 28 za likizo kwa mwaka, zenye malipo. Akijifungua ana siku 84. Na kama hajafika miaka 14, hayo yote hayahusiki, maana hutakiwi kumwajiri kabisa. Kuwa ni mtoto wa shangazi hakumuongezei umri.

Mkataba uandikwe. Karatasi moja ya Kiswahili inatosha: jina, kazi, mahali, tarehe ya kuanza, saa, mshahara, na sahihi mbili. Nakala moja abaki nayo yeye. Usipokuwa nao, mkifika mbele ya Tume, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unakuwa wako wewe, na wewe uko Houston, shahidi wako ni mdogo wako, na mdogo wako kakasirika. Malipo ya M-Pesa yanaacha kumbukumbu. Yatunzeni, na karatasi za ajira zibaki kwenye faili miaka mitano baada ya mtu kuondoka.

NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na katika hizo huruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya 10. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachangiwa na mwajiri peke yake, kwa sekta binafsi nusu ya asilimia moja. Kwa mlinzi wa 150,000 hiyo ni shilingi 750 kwa mwezi. Mtu akiteleza kwenye yale mawe msimu wa mvua na ndoo kichwani, mtajua thamani ya hiyo 750.

Sasa chama chetu. Jengo letu la chumba cha kusomea likikamilika litahitaji mlinzi, mtunza chumba na mtu wa usafi. Nimeipitia bajeti iliyo kwenye kitabu hiki: tofali ziko, mabati yako, tanki la maji liko. Mishahara imewekewa mstari mmoja, "posho za wahudumu". Naelewa ilivyotokea. Mchangiaji anapenda kuona jina lake kwenye tofali. Hajatokea aliyeomba jina lake liandikwe kwenye mshahara wa mlinzi. Lakini chama kikishaajiri ni mwajiri kama wewe wa duka, na kesi ikija itasomwa kwa jina la chama, mbele ya watu wa Mabatini ambao ndio tunaodai kuwasaidia.

Ninachoomba ni kwamba kabla ya kupitisha bajeti mchana huu, mstari ule wa posho ufutwe, iandikwe mishahara ya watu wanne, walinzi wakiwa wawili, pamoja na NSSF, WCF na akiba ya likizo kwa miezi 12. Kila kadi ya mchango iwe na sehemu mbili, ujenzi na wafanyakazi, mtu achague. Mimi kadi yangu nimejaza ya wafanyakazi. Nakala za mkataba wa Kiswahili zipo kwa katibu, pale mezani karibu na mlango. Wa simu mtatumiwa. Chukueni na za nyumbani kwenu.