Kabla ya kununua kompresa, uliza nini iliua ile ya kwanza

(Maneno ya mwenzetu fundi wa magari kwenye mkutano wa mwezi, Uvira)

Karani aliniomba niseme juu ya klima ya gari, ile tulizoea kuita AC kule Tanzania. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Shofere mmoja wa kundi letu, anayebeba abiria kati ya Uvira na Baraka, alikopa feza kwenye sanduku letu anunue kompresa. Barabara ile mnaijua: ukifungua dirisha, vumbi, ukifunga bila klima, watoto wanatapika. Nikatoa kompresa iliyokufa, nikafunga nyingine ya okasioni, nikajaza gesi, baridi ikaja. Wiki tatu tu, nayo ikakwama. Ile ya kwanza ilisagika ndani, chembe za chuma zikabaki kwenye mabomba, na mimi sikusafisha. Mkopo ule haujaisha mpaka leo. Nusu analipa yeye, nusu nalipa mimi.

Kwa hiyo klima isipotoa baridi, usikimbilie kusema ni kompresa. Washa injini na klima, tazama puli ya kompresa. Ile sahani ya mbele ikikaa tu bila kuzunguka, klachi haijashika. Pima fyuzi, rilei, na kama volti 12 zinafika kwenye waya wake. Mara nyingi ni gesi imepungua, na swichi ya presha inakataza klachi kushika. Hapo tafuta panapovuja: alama ya mafuta yenye vumbi kwenye viungo vya mabomba au nyuma ya puli.

Pili, sikiliza. Kelele ikiwepo hata klima imezimwa, huenda ni beringi ya puli, na hiyo mara nyingi inabadilishwa peke yake. Kelele ikianza pale klachi inaposhika, shida inaweza kuwa ndani ya kompresa.

Tatu, funga geji. Pande zote mbili zikiwa chini, gesi ni kidogo. Klachi imeshika, lakini upande wa chini uko juu na upande wa juu uko chini? Hapo kompresa haisukumi tena.

Ikiwa imekufa kweli, gesi ivutwe na mashine, isiachiwe hewani: ikigusa ngozi inaunguza kwa baridi, ikipita kwenye moto inageuka sumu. Kisha angalia mafuta ya kompresa ya zamani. Yakiwa meusi na yanameremeta, kuna chuma. Safisha mabomba, badilisha valvu, badilisha na kondensa, ile ya mbele ya rejeta. Njia zake ni nyembamba sana, kuisafisha ni kujidanganya. Chujio la kukausha unyevu na mipira ya viungo, weka mpya kila mara. Mafuta yawe ya aina na kipimo cha kompresa ile, na uizungushe kwa mkono mara 10. Pampu ivute hewa yote nusu saa au zaidi, uifunge, na sindano ya geji isipande. Ndipo gesi, kwa gramu zilizoandikwa chini ya boneti, siyo kwa kukisia.

Sasa ombi langu. Wengine wetu tulirudi na ndoo na mashuka tu. Feza ya sanduku ni jasho letu. Mtu akiomba mkopo wa kompresa, alete kwanza vipimo vya geji. Na fundi, hata nikiwa mimi, aonyeshe mafuta ya ile ya zamani mbele ya karani kabla ya kufunga nyingine. Kila siku ya posho asubuhi nitapima gari ya memba yeyote bila malipo. Geji niko nazo.