Kabla ya Kutuma Mtambo, Tuulize Nyumbani

Hotuba ya wauguzi wa jumuiya katika sherehe ya Uhuru

 

Leo ni tarehe 9 Desemba. Nyumbani watu wanaangalia mawingu na kuandaa mashamba. Sisi hapa Minnesota tumeingia ukumbini tukikung'uta theluji viatuni. Asanteni kwa kuja.

Kamati imetuomba sisi wauguzi tuseme neno juu ya pendekezo la vijana wetu. Wanataka jumuiya ichange fedha, inunue mtambo mdogo wa kutengeneza dizeli ya mimea, upelekwe kijijini mkoani Singida ili jenereta ya zahanati ipate mafuta bila kungoja lori la mjini. Mtauliza, wauguzi na dizeli wapi na wapi? Tuvumilieni kidogo.

Kwanza tunawapongeza vijana. Walikusanya mafuta yaliyokaangia sambusa zetu za Idi na maandazi yetu ya Krismasi, wakayapeleka shuleni, na chini ya usimamizi wa mwalimu wao wakayageuza kuwa dizeli. Injini ndogo ya shuleni ikaunguruma. Tulifurahi kama wazazi wengine wote.

Kwa watoto ambao hawajui, jambo lenyewe si jipya. Mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, injini ya aina aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Tatizo ni kwamba mafuta ya kula ni mazito, nayo huacha masizi ndani ya injini. Kwa hiyo huchanganywa na kimiminika kiitwacho methanoli pamoja na kostiki soda, ile wanayotumia watengeneza sabuni. Vikitulia, glisirini huzama chini na dizeli hubaki juu. Kisha husafishwa na kukaushwa maji. Moshi wake una masizi machache kuliko wa dizeli ya kawaida, na sisi tunaopokea watoto wenye pumu hospitalini hatulidharau hilo.

Sasa tuwaambie jambo ambalo wengi wenu hamlijui, kwa sababu hatukupenda kulisema.

Mwaka 2007 tulikuwa wanawake wanane katika kikundi cha upatu. Wengi wetu tulisoma uuguzi mchana, usiku tukafanya kazi kwenye nyumba za wazee. Siku hizo kila mahali ilisemwa habari ya mbono, mti ambao nyumbani hupandwa kwenye ua na makaburini, ndiyo maana wengine huuita mbono kaburi. Tuliambiwa hauhitaji mvua nyingi, mbuzi hawaugusi, na mbegu zake zina mafuta ya kutengenezea dizeli. Tukaona hapa ndipo pa kuwasaidia ndugu zetu. Tukatuma fedha za upatu wa miezi sita.

Shangazi wa mmoja wetu alikuwa na ekari nne za alizeti na mtama. Akatuuliza kwenye simu, "Wanangu, huo mbono unaliwa?" Tukamjibu, "Hauliwi, Shangazi, unauzwa." Akanyamaza, kisha akasema, "Haya. Nyinyi ndio mmesoma." Akapanda ekari tatu.

Mti uliishi kwenye ukame kama tulivyoahidiwa, lakini haukuzaa. Mbono usiopata mvua wala mbolea hutoa mbegu kidogo sana. Ukiupa maji, mbolea na udongo mzuri utazaa, ila hapo utakuwa umeupa shamba la chakula. Matunda yake hayaivi kwa pamoja, hivyo huchumwa kwa mkono, leo machache, kesho machache, na lita moja ya mafuta huhitaji kilo nne au zaidi za mbegu. Kisha ukaja mwaka 2008. Mwezi Julai pipa la mafuta ghafi lilipita dola 140 katika soko la dunia. Kufikia Desemba lilikuwa limeshuka chini ya dola 40. Mnunuzi aliyekuwa akija na lori hakuonekana tena.

Alizeti isiponunuliwa, mtu hukamua mafuta akapikia, na mashudu akawapa mbuzi na kuku. Mbegu za mbono na mashudu yake ni sumu. Hapo ndipo panapotuuma. Watoto wawili wa jirani walizila mbegu zile, maana ladha yake ni kama karanga. Walitapika na kuharisha usiku kucha, wakalazwa, na tunamshukuru Mungu walipona. Wakati huo sisi tulikuwa darasani huku tukifundishwa habari za sumu, na sumu nyingine tulikuwa tumelipia sisi ipandwe kijijini.

Shangazi hakutulaumu. Aling'oa mibono, akabakiza mstari mmoja wa ua, kama walivyofanya babu zake. Lakini misimu mitatu ya alizeti ilikuwa imepotea, na hakuna aliyeirudisha.

Wala hatukuwa peke yetu. Kule Kisarawe, kampuni moja kutoka Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 za ardhi iliyokuwa ya vijiji 11, ili ilime mbono. Mwaka 2011 kazi ilisimama. Wanakijiji walikuwa wamekwisha kuiachia ardhi, na ajira walizozitegemea zikawaponyoka.

Vijana wetu watatujibu kwamba wao hawasemi mbono, wanasema mafuta yaliyokwisha kukaangia. Ni kweli, na wazo lao ni bora kuliko letu la 2007. Hata hivyo tuna maswali matatu.

La kwanza, mafuta hayo yatatoka wapi? Hapa kila mgahawa una pipa la mafuta machafu nyuma ya jiko. Kijijini Singida mafuta ya kukaangia hayamwagwi. Hutumika mpaka tone la mwisho. Mtambo utalazimika kula mafuta mapya ya alizeti, na mara nyingi lita ya alizeti sokoni ni ghali kuliko lita ya dizeli. Tutakuwa tunachoma chakula cha watu ili tuokoe mafuta ya bei nafuu.

La pili, nani atashika methanoli? Hapa tunazungumza kama wauguzi. Methanoli ni angavu kama maji. Mililita 10 tu, yaani vijiko viwili vya chai, zinaweza kumpofusha mtu, na zaidi kidogo ya hapo zinaweza kumuua. Huingia pia kwa ngozi na kwa mvuke, na ikishika moto ndimi zake hazionekani vizuri mchana. Kwenye nyumba ambamo chupa ya soda hutumika tena kuwekea mafuta ya taa, tunajua kitakachotokea. Kostiki soda nayo huunguza ngozi na macho. Ikikumwagikia, osha kwa maji mengi yanayotiririka, angalau dakika ishirini, kisha nenda hospitali. Usipake dawa ya meno, siki wala asali. Vijana, shuleni mna miwani, glavu na mwalimu. Tunaomba msijaribu kazi hiyo gereji.

La tatu, mtambo ukitoa dizeli mbovu, nani atagundua? Dizeli ya mimea ikibaki na maji au glisirini huziba filta. Ikiingia kwenye tangi la zamani hulegeza uchafu uliogandamana na kuusukuma kwenye injini. Mipira ya injini kuukuu hulainika na kuvuja. Ikikaa miezi mingi kwenye joto huharibika, na ya alizeti huwahi kuharibika. Minnesota yenyewe, yenye maabara na wakulima wengi wa soya, ilipata shida. Mwaka 2005 lilikuwa jimbo la kwanza Marekani kutaka dizeli yote ichanganywe na ya mimea, na majira yaleyale ya baridi filta za malori zikaanza kuziba. Serikali ikasimamisha sharti hilo kwa muda mpaka ubora urekebishwe. Hadi leo mchanganyiko ni asilimia 20 wakati wa joto na asilimia 5 wakati wa baridi, kwa sababu baridi huigandisha.

Lori likizimika barabarani, dereva hupiga simu. Jenereta ya zahanati ikizimika usiku, chanjo zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 zitapata joto, na mama atajifungua kwa mwanga wa tochi. Majaribio tusiyafanyie pale.

Ndugu zetu, hatusemi vijana wakatwe mkono. Nyumbani mafuta ya magari na mitambo huagizwa kutoka nje, na wazee waliomo humu wanakumbuka miaka ya foleni za petroli na Jumapili ambazo gari halikuruhusiwa kutembea mchana. Kutafuta njia ya kujitegemea ni jambo la maana, hasa siku kama ya leo. Lakini mwaka 2007 tulituma fedha kwanza, tukasikiliza baadaye.

Kwa hiyo mwezi uliopita tulimpigia Shangazi. Sasa ni mzee, lakini sauti ni ileile. Tukamweleza habari ya mtambo, tukamuuliza anaonaje. Akacheka. Akasema, "Safari hii mmeuliza. Sasa sikilizeni: hiyo jenereta haikufa kwa kukosa mafuta. Imekaa mwaka mzima imeharibika, fundi hatuna. Mkitaka kutusaidia, msomesheni kijana mmoja ufundi."

Hilo ni jibu la mtu mmoja. Tunaomba kura ya leo iahirishwe, kamati izungumze na serikali ya kijiji na mganga mfawidhi wa zahanati, na fedha zikae mpaka majibu yaje. Tunaomba pia vijana waliotengeneza dizeli ndio wakae kwenye simu hiyo, waulize wenyewe kwa Kiswahili chao, hata kama kina makosa. Wataelewana.

 Uhuru na Kazi. Heri ya sikukuu ya Uhuru.