Taa Imewaka: Kabla Hujalipia Chujio Jipya



Malalamiko mengi yanayotufikia kuhusu magari ya dizeli yaliyoagizwa yakiwa yametumika yana mwanzo mmoja. Taa ya injini imewaka, gari limekosa nguvu mlimani, fundi amechomeka mashine ya kupimia, kisha mwenye gari ameambiwa kuwa chujio la masizi limekufa: alipe mamilioni, au likatwe. Tungependa kuzungumza nanyi juu ya muda mfupi uliopo kati ya kauli hiyo na kutoa fedha.

Chujio hilo, ambalo gereji hulijua kwa jina la DPF, hukaa kwenye njia ya moshi na kazi yake ni kunasa masizi. Yakijaa, kompyuta ya gari huongeza joto la moshi hadi nyuzi 600 hivi, masizi yakaungua na kubaki majivu kidogo. Jambo hili huhitaji mwendo. Gari linalotoka Mbagala kwenda Posta kwa foleni, na kurejea kwa foleni, ni nadra kulipata joto hilo. Pengine kila linapoanza kujisafisha, mwenyewe amefika na kulizima. Kwa hiyo taa ya chujio inayotangulia ile ya injini aghalabu haisemi kwamba kitu kimeharibika. Inaomba safari. Mwendo usiokatizwa wa dakika 20 hadi 30 katika barabara kuu, ndani ya kasi inayoruhusiwa, mara nyingi hutosha. Kitabu cha gari ndicho chenye kauli ya mwisho, ingawa twafahamu kwamba vingi vimekuja vikiwa kwa Kijapani.

Taa isipozimika, ndipo upimaji uanze. Mashine hutoa namba. P2463 husema masizi yamezidi. P2002, chujio halichuji ipasavyo. P0401, moshi unaorudishwa kwenye injini kupitia vali ya EGR hautoshi. Hakuna hata moja iliyosema "nunua chujio". Namba hutaja dalili, kama mgonjwa anavyomwambia daktari kuwa kichwa kinamuuma.

Mlalamikaji mmoja alifika kwetu akiwa amekwisha kutoa malipo ya awali ya chujio jipya, kwa sababu ya hiyo P2002. Fundi wa pili alipofungua boneti alikuta mpira mwembamba unaopeleka shinikizo la moshi kwenye sensa umepasuka. Sensa ilikuwa ikipokea shinikizo dogo kuliko la kweli, nayo kompyuta ikadhani chujio limetoboka. Mpira ulibadilishwa, namba ikafutwa, haikurudi. Kilichotushinda ni malipo yake ya awali: hakuwa na risiti wala maandishi yoyote, na gereji ya kwanza ilikana.

Hata pale chujio linapokuwa limeziba kweli, swali lililo muhimu zaidi ni nani aliyeliziba. Chujio la hewa lililojaa vumbi, mpira wa tabo unaovuja, vali ya EGR iliyoganda kwa masizi, nozeli inayomwaga dizeli badala ya kuinyunyiza: kila kimoja kati ya hivi huzalisha masizi kupita kiasi, na chujio jipya litaziba vilevile. Mtakeni fundi aanze na vilivyo rahisi kukagua. Nanyi wenyewe mnaweza kuchomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa imepanda juu ya alama bila kuongezwa, huenda dizeli imeingia humo wakati gari likijaribu kujisafisha bila kufaulu. Msiendelee kuliendesha hivyo. Oili yenyewe iwe ya majivu machache, aina inayotajwa na mtengenezaji. Na dizeli ya madumu ya kando ya barabara, ambayo hakuna ajuaye imechanganywa na nini, haifai kwa magari haya.

Wenye malori na magari yanayotumia maji ya urea, yale ya AdBlue, wana tahadhari moja ya ziada: maji ya kawaida hayachukui nafasi yake, na urea haimwagwi kamwe kwenye tangi la dizeli.

Sasa kuhusu kukata. Gereji hutoboa chujio, hufuta habari zake kwenye kompyuta, taa huzimika na gari hurudisha nguvu. Twaelewa kwa nini mtu hukubali. Lakini mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, na anayeuvuta si mwenye gari aliyefunga vioo. Ni dereva wa bodaboda aliye nyuma yake na mama anayesubiri daladala. Mnunuzi naye hudanganyika. Mnaponunua gari la namna hii, ingizeni kitambaa cheupe kwenye mdomo wa bomba la moshi, injini ikiwa imepoa. Chujio likiwa zima, kitambaa hutoka karibu safi. Kikitoka cheusi tii, ulizeni chujio liko wapi kabla ya kuuliza bei.

Kabla ya kazi yoyote, ombeni namba ziandikwe kwenye karatasi pamoja na tarehe, kabla hazijafutwa. Ombeni pia kipuri cha zamani na risiti. Mkija kwetu na vitu hivyo vitatu, tutakuwa na pa kuanzia.