Israfu ya Futari na Bahari Yetu



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, leo sitazungumzia yanayobatilisha saumu. Hayo masheikh wameshatueleza. Nataka tutazame pipa la taka la nyumbani.

Jiulize: vipi mwezi wa kujizuia ndio mwezi pipa linafurika? Kwetu nilihesabu jioni moja: viazi vya karai, kaimati, mahamri, mbaazi, tambi, juisi aina mbili, na wali juu yake. Tulikuwa watu sita! Kufika daku nusu imechacha, na aliyemwaga ni mimi huyu ninayewahutubia. Aya ya 31 ya Suratul A'raf imetuhalalishia kula na kunywa, na papo hapo ikakataza israfu. Twaisoma kila tunapokhitimu.

Nyanya zetu walifuturu kwenye sinia moja, likaoshwa, likarudi kesho. Sisi twanunua sahani na vikombe vya plastiki, eti tusichoke kuosha. Mvua ikinyesha taka huingia mtaroni, kisha ufuoni. Wala si zetu pekee. Mto Sabaki unaoingia baharini baina ya Malindi na Mambrui, huko juu unaitwa Athi, na hupokea maji ya mto wa Nairobi. Jiko la Nairobi na la Malindi yanamwaga bahari moja. Kasa naye akiona mfuko unaelea hudhani ni konyeza, akaumeza.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, faini hadi shilingi milioni 4. Tarehe 5 Juni 2020 ikakataza chupa, vikombe na sahani za kutumia mara moja ndani ya hifadhi, ikiwemo hifadhi yetu ya bahari iliyoanzishwa 1968. Sawa, lakini askari wa hifadhi haingii jikoni kwako.

Na maji je? Ya bomba yatoka visima vya Baricho, kando ya Sabaki hiyo hiyo. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alimkanya Saad asifanye israfu ya maji akitawadha, hata akiwa kwenye mto unaopita. Sisi twafungua mfereji, huku twapiga soga!

Basi Ijumaa hii futari yetu ya pamoja ni kwa masinia. Kila mtu aje na kikombe chake cha nyumbani. Wanaotaka kuosha masinia wajiandikishe. Jina la kwanza nimeshaandika langu.

Wabillahi tawfiq.