Vijana Wetu na Fikra za Kukata Tamaa
(Mawaidha yaliyotolewa baada ya sala ya Ijumaa, Kilwa Masoko)

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, yupo kijana anayefeli mtihani, kisha akaacha kula, usingizi ukamruka, na msikitini haonekani tena. Sisi husema ni mvivu, au ana pepo. Mara nyingi huwa ni maradhi, nayo huitwa sonona.

Katika miaka ya 1960 daktari Aaron Beck wa Marekani alieleza kuwa mwenye maradhi haya hujiona hafai, huuona ulimwengu umemkataa, na huiona kesho imefungwa. Kijana aliyezoea kufikiri hivyo huangushwa na tukio ambalo mwenzake hulivuka.

Tutazame matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walipata daraja sifuri. Mwezi wa Mei 2013 serikali ikayafuta na kuyapanga upya, na baadhi ya waliofeli wakafaulu kwa karatasi zile zile. Basi sifuri ile ilikuwa ya nani? Na kijana aliyekwisha kuitwa sifuri barazani, nani alimrudia kumwomba radhi?

Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na ya nafsi. Alishauri mtu ajiwekee fikra njema angali mzima, kama awekavyo dawa nyumbani kabla ya kuugua. Watu wa bahari mnalifahamu hili: tanga hushonwa pwani.

Basi mwanao akisema, "Mimi sifai kitu," usimkemee. Mwulize ni jambo gani hasa limetokea. Amefeli hisabati, hajafeli utu wake, wala umri wake wote.

Wala tusimwambie kuwa imani yake ni haba. Nabii Yaakub (a.s.) alimhuzunikia Yusuf (a.s.) mpaka macho yake yakapofuka, naye ni Nabii wa Allah. Na hirizi tusimfunge. Hukumu yake mnaijua.

Huzuni ikipita wiki mbili, apelekwe hospitali: Kinyonga kule Kivinje, au Sokoine pale Lindi. Akitaja kufa, msingoje hata siku moja. Mzazi aende naye, na usiku ule asilale peke yake.

Wabillahi tawfiq.