Sinia Jeupe la Mto Kennet

Mwanzoni mwa Julai 2013, kundi la kujitolea la wavuvi wa mshipi na wapenzi wa Mto Kennet, kusini mwa Uingereza, lilichota tope la mtoni kwa kimia, likalimimina kwenye sinia jeupe na kuinama kuhesabu. Kamba wadogo na viluwiluwi vya wadudu, chakula cha samaki, karibu wote walikuwa wametoweka. Mamlaka ya mazingira ikaarifiwa. Wataalamu wake wakafuata mkondo hadi mtambo wa majitaka wa Marlborough. Sumu iliyowaua ilikuwa klopairifosi, dawa ya kuulia wadudu. Hakuna afisa awezaye kushinda kando ya kila mto. Mvuvi yupo. Enyi wenye mamlaka, mvuvi akipiga simu, pokeeni, na nendeni siku hiyohiyo.