Majina ya Heshima Yarithiwayo



Nimeombwa niseme juu ya vyeo vya jamaa za Kiingereza, vile vinavyotoka kwa baba vikamwendea mwana. Nitaanza na cheo cha baroneti, kwani makarani watakielewa upesi: asili yake ni hesabu ya fedha.

Mwaka 1611 Mfalme James wa Kwanza alitaka fedha za askari wake katika Ulster, kaskazini ya Ireland. Akatunga cheo kipya. Aliyekitaka ilimpasa awe na pato la paundi 1,000 kwa mwaka, na babu mwenye nembo ya ukoo, tena atoe mshahara wa askari 30 kwa miaka 3, kila askari peni 8 kwa siku. Pigeni hesabu, ndugu zangu. Peni 8 mara 30 ni peni 240, ambazo zamani zile zilikuwa paundi 1 kamili. Kwa siku za miaka 3 ni paundi 1,095. Ndiyo bei ya heshima ile. Baroneti huitwa Sir, lakini si lodi, wala cheo chake hakikumpa kiti katika Baraza la Malodi. Alichomzidi Sir wa kawaida ni hiki: akifa, mwanawe wa kiume aliye mkubwa hukirithi. Wadogo hawapati kitu, na binti kwa desturi hana fungu.

Sir Donald Cameron, aliyekuwa Gavana wa Tanganyika tangu 1925 hata 1931, hakuwa baroneti. U-Sir wake ulikwisha naye. Sir William Mackinnon, mwenye ile Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alifanywa baroneti mwaka 1889. Akafa 1893 bila mtoto, na cheo kikafa. Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja mwaka 1872 ili Sultani Barghash aache biashara ya watumwa, alikipata mwaka 1876 akamwachia mwanawe, nacho kikakoma mwaka 1933. Jina lake lakaa hata leo Freretown, karibu na Mombasa, walikowekwa watumwa waliokombolewa. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililo bora.

Baadaye wakazuka wengi waliojiita mabaroneti bila haki. Basi mwaka 1910 likawekwa daftari rasmi: mrithi asiyethibitisha haki yake na kuandikwa humo, haitwi baroneti katika hati za serikali. Hata mwenye damu tukufu hana budi kumngoja karani!

Sisi Wakuria hatukuwa na ufalme wa kurithi. Kila ikiaro kiliongozwa na wazee wa inchama. Machifu waliwekwa na serikali ya kikoloni, na uchifu ukafutwa mwaka 1963 katika Tanganyika huru. Tunachorithi ni irikora, yaani kizazi. Upande mmoja wako Abasaai, Abanyambureti, Abagamunyere na Abamaina; upande wa pili Abachuma, Abanyangi, Abagini na Abamairabe. Mtoto huingia katika jina lifuatalo la babaye, na majina manne yakiisha huanza tena. Wana wote wa mtu mmoja hulipata sawasawa, mkubwa na mdogo, wala halinunuliwi.

Nasema haya kwa sababu ya jambo lililotukia mezani pangu. Mzee mmoja alitaka barua yake itangulizwe mbele ya watu waliokuwa wakingoja benchini, kwa kuwa babu yake alikuwa chifu. Nilibabaika, ni mkubwa kwangu kwa umri, na kumkatalia mzee ni jambo zito. Nikamwuliza kwa adabu, Baba, irikora lako ni lipi? Akalitaja kwa sauti. Mtu mmoja benchini, mwenye koti lililochakaa, ambaye kwa miaka alionekana mdogo kwake, akataja lake, na lilikuwa irikora la baba zake yule mzee. Mjukuu wa chifu akavua kofia, akamwamkia kama mtoto amwamkiavyo mzazi, akaenda kuketi mwisho wa benchi.